Negativu Mbili za Mama Tabita

Ndalambo, kupitia Tunduma
6 Juni 1954

Mume wangu Baba Lusungu,

Barua yako ya Pasaka ilichelewa lakini ilifika. Mika, dereva wa lori, aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akanywa togwa kwa mama kabla ya kuendelea na safari. Tumefurahi kusikia kwamba siku hizi ni wewe unayechapa picha za duka zima huko Ndola. Mama amewatangazia wanakwaya wote, na sasa wakinisalimu wananiita mke wa fundi.

Kamera uliyoniachia sijaiharibu. Nimepiga harusi mbili na siku ya kipaimara. Mara mbili nimeshuka nayo Tunduma siku ya soko, na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walipanga foleni. Mwanzoni walicheka kuona mwanamke amesimama nyuma ya kamera. Filamu zikijaa nazituma Mbeya zikasafishwe.

Lakini kuna picha moja imenishinda, nayo ni ya mama yako. Anataka nimpige nikutumie. Nikamwambia, "Mama, tutoke nje, mwanga ni mzuri." Akasema, "Nipige hapa hapa nilipo, ndani. Na kihenge kule nje kionekane kupitia mlango, kimejaa ulezi. Mwanangu Watson akikiona atajua hatuna njaa, atatulia." Nilipomsihi akasema jua linamwumiza macho.

Nilipiga mbili katikati ya Mei. Zimerudi kutoka Mbeya. Ya kwanza mama anaonekana, ila mlango wote ni mweupe, kana kwamba nyumba yetu imejengwa ndani ya wingu. Ya pili kihenge kinaonekana hadi fito zake, lakini mama ni mweusi tii. Aliishika hiyo ya pili, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Huyu ni nani aliyekaa kwenye kiti changu?"

Wewe ndiye fundi. Nifanyeje?

Mama hajambo. Anasema umri tu. Wifi Ferista yuko hapa siku hizi, anatusaidia kuvuna.

Mkeo,
Anastazia


Ndola, Rodeshia ya Kaskazini
27 Juni 1954

Mama Lusungu,

Nimesoma barua yako mara tatu na nimecheka peke yangu hapo mama alipouliza ni nani aliyekaa kwenye kiti chake. Jirani yangu alidhani nimelewa.

Kosa si lako, wala si la kamera. Jicho la mtu ukilipeleka gizani linafunguka, ukilipeleka juani linajibana, na mwenyewe huna habari. Filamu haijui hivyo. Inapokea mwanga kwa kipimo kimoja tu, cha kihenge au cha mama. Kwa hiyo usiibebeshe yote kwa mara moja. Piga picha mbili za mahali pale pale, moja kwa ajili ya nje na moja kwa ajili ya ndani, halafu huku tutaziunganisha kwenye karatasi moja.

Sikiliza vizuri. Kamera isisogee hata unywele mmoja kati ya picha na picha. Iweke kwenye miguu yake mitatu, chimba vishimo vidogo sakafuni miguu izame, na katikati uning'inize mfuko wenye mawe ili itulie. Usifyatue kwa kidole. Tumia ule waya mrefu wa kufyatulia. Ukizungusha filamu kwenda picha inayofuata, zungusha taratibu kama unayemlaza mtoto.

Tundu la lenzi liache kwenye kumi na sita, usiliguse tena. Ukibadilisha tundu, vitu vilivyokuwa vikali vitalegea, na picha mbili hazitakubali kulaliana. Unachobadilisha ni muda tu. Picha ya nje piga kwa moja ya mia ya sekunde. Ya ndani, weka kifyatuo kwenye herufi B, bonyeza, hesabu moja, mbili, tatu polepole, ndipo uachie. Piga na ya katikati, moja ya kumi, kama akiba. Kisha rudia zote, maana mama atapepesa macho.

Mlango wetu unatazama machweo, kwa hiyo fanya kazi hii saa tatu asubuhi. Jua litakuwa nyuma ya nyumba, litakimulika kihenge usoni, na halitaingia ndani kukuharibia. Mama asikae mgongo kwa mlango. Mweke pembeni, ageuke nusu, mwanga umguse shavu. Upande wa pili wa uso wake tundika shuka jeupe nje ya picha, litamrudishia mwanga kidogo. Na asitikisike wakati wa ile hesabu ya tatu. Mwambie ajifanye yuko kanisani mzee wa kanisa anapotoa matangazo.

Filamu hiyo usiipeleke Mbeya. Watakuchapia moja moja, kazi yote itakuwa bure. Ifunge kwenye kopo, mpe Mika, iletwe kwangu. Mimi mwenyewe nitaichapa. Kazi ya negativu mbili, yaani picha mbili za filamu kwa karatasi moja, hapa naifanya kila wiki.

Msalimie mama. Anakula vizuri? Mwambie mkataba wangu unakwisha Desemba, na Krismasi tutakula wote.

Wako,
Watson


Ndalambo
19 Julai 1954

Baba Lusungu,

Filamu ndiyo hii, iko kwenye kopo la kahawa, nimelizungushia kitambaa cheusi. Mika ameahidi hatalitoa chini ya kiti chake mpaka Ndola.

Tulipiga juzi Jumamosi. Nilichimba vishimo kama ulivyosema, na mfuko nikaujaza mawe ya mtoni. Mama alivaa ile blauzi ya buluu uliyomletea mwaka juzi, na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Ferista ndiye alimwandaa, nami nikawa nyuma ya kamera pale kwenye kona ya jiko, moshi wa jana bado unaniwasha macho.

Picha ya nje ilikuwa rahisi. Ya ndani ndiyo ilitupa kazi. Nilibonyeza, nikaanza kuhesabu kwa sauti, na nilipofika mbili mama akauliza, "Tayari?" Nikaanza upya. Mara ya pili kuku akapita mlangoni, mama akamfukuza kwa mdomo. Nikamwambia, "Mama, ukisema unatoka na midomo miwili." Akajibu, "Basi mmoja nitaupeleka kwa Watson ukamgombeze, mmoja nibaki nao." Tulicheka mpaka Ferista akasema tumwache apumzike. Mara ya tatu alitulia kabisa. Nilihesabu hadi nne kwa sababu nilikuwa namtazama nikasahau kuachia. Kama nimeharibu, ni hiyo.

Kwa hiyo ndani ya kopo kuna picha nane. Tatu za kwanza zitupe. Utakayoitaka ya ndani ni ya saba.

Uliuliza kama mama anakula. Anakula. Usiwe na mawazo huko ukaungua na dawa zako. Kihenge kimejaa kweli, si cha kupiga picha tu.

Naomba ukimaliza kuichapa utuletee upesi. Ananiuliza kila lori likinguruma barabarani.

Anastazia


Ndola
16 Agosti 1954

Mama Lusungu,

Barua hii usiisome mbele ya watu. Kaa chini kwanza.

Sikupandishwa kazi. Sijawahi kuchapa picha hata moja hapa dukani. Mwaka wa pili huu nimekuwa nikiosha masinia ya dawa za picha na kukoroga maji, na jioni nafagia. Mchapaji ni Amoni Kibona, Mndali wa Isongole, mtu wa makamo. Yale yote niliyokuandikia nimeyaona kwa kusimama nyuma yake nikiwa nimeshika ndoo. Niliandika uongo ule siku ya Pasaka kwa sababu nilijua barua zangu unamsomea mama, na mwaka mzima sikuwa na habari ya kumfurahisha. Ulipouliza ufanyeje, ningeweza kusema ukweli. Badala yake nikakwambia lete filamu.

Kopo lilipofika nilikaa nalo siku nne chini ya mto wa kulalia. Siku ya tano nikamweleza Amoni kila kitu. Sikutegemea alichojibu. Alisema, "Mkeo amechimba vishimo sakafuni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tusimwangushe." Mwenye duka alimruhusu kuingia chumba cha giza Jumapili baada ya ibada, nami akanipitisha.

Mama Lusungu, kamera yako haikusogea. Amoni alipokwisha kuisafisha filamu, tuliweka negativu moja juu ya nyingine kwenye kioo chenye taa, na mwimo wa mlango ukalala juu ya mwimo wa mlango. Amoni alizitazama muda mrefu. Alisema wapo watu wenye mashine za bei kubwa wasioweza hivyo.

Kisha akaniambia nichape mimi. Nilimulika negativu ya ndani juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, nikachora mlango kwa penseli, nikaukata kwa wembe kwenye kadi ngumu. Kile kipande cha mlango nikakishika juu ya karatasi ya picha nilipokuwa nachapa ndani, ili mlango ubaki mweupe. Halafu nikabadilisha negativu, nikashika ile kadi yenye tundu, nikachapa kihenge peke yake. Kadi haitakiwi itulie, unaitikisa kidogo sana, la sivyo pembeni pa mlango patakuwa na mstari kama mshono mbaya. Niliharibu karatasi tano. Ya sita ikakubali. Mama na kihenge, wote wawili, kama ambavyo ningewaona ningekuwa nimesimama pale.

Lakini sasa nikuulize. Hesabu yako ya nne haikuharibu kitu. Ilifungua giza kuliko tulivyotaka, na nyuma ya mama nikaona mikono. Miwili, imemshika kiunoni, na juu ya bega lake kipande cha paji la uso chini ya kitenge. Kovu la kidole nalijua, alijikata kwa mundu tukiwa wadogo. Ni Ferista. Amejificha nyuma ya mama yetu amemshikilia asianguke. Na chini ya kiti nimeona miguu ya mama imevimba, haijavaa viatu.

Amoni naye aliiona. Aliniambia taratibu, "Ukipamulika hapo sekunde kumi zaidi panakuwa peusi. Mikono inapotea. Ukitaka nitakuonyesha." Nikaishika kadi. Nilikaa nayo hivyo hadi akaniuliza kama naumwa. Nikashindwa.

Nimekutumia picha kama ilivyo. Mimi nimesema kweli yangu, na imeniuma. Nawe niambie. Mama ana nini?

Watson


Ndalambo
30 Agosti 1954

Mwanangu Watson,

Haya ni maneno yangu mimi mama yako, mkwe wangu anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Picha nimeiona. Kihenge kimetoka vizuri. Kitambaa changu cha kichwa kimekwenda upande, na hakuna aliyeniambia. Usiwaonyeshe watu wa kanisa.

Mkeo hana kosa. Mimi ndiye nilimkataza. Miguu ilianza kuvimba Januari. Mei niliweza kukaa nikiegemea ukuta, Julai sikuweza. Daktari wa misheni alisema ni moyo, umechoka, na dawa anazonipa ni za kunipunguzia maji tu. Nilijua ukisikia utavunja mkataba urudi, na utakuja na mikono mitupu na aibu juu. Nikasema afadhali anione nimekaa vizuri, nina chakula, amalize kazi yake. Ferista akasema, "Mimi nitakushika, hataniona." Tulijiona wajanja.

Habari ya masinia nimeisikia. Nilimwambia mkwe wangu aisome yote, nilimwona anaruka mistari. Sikukasirika kwa sababu ya kuosha masinia. Baba yako alibeba mizigo ya Wazungu kutoka Mwenzo mpaka Abercorn na hakuwahi kujiita karani. Nilikasirika kwamba uliniona mimi ni mtu wa kuletewa habari tamu. Kisha nikakumbuka Ferista chini ya kitenge, nikaona sina mdomo wa kukusema. Tumedanganyana, mimi na wewe, kila mtu upande wake.

Sasa nakwambia. Nilikuwa nasema subiri Desemba. Sisemi tena. Kama utakuja kunizika tu, baki huko, watu wa kuchimba kaburi wapo. Kama utakuja nikiwa bado naweza kukugombeza, anza safari.

Mama yako,
Tabita

Baba Lusungu, hapa ni mimi. Amelala. Hajasema yote. Usiku hawezi kulala chini, tunamkalisha. Tangu jana hataki uji. Nilitaka kukuandikia tangu Mei, na kila nilipoandika "mama hajambo" mkono ulikuwa mzito. Ukiweza, usingoje jibu langu lingine.

A.


Ndalambo
21 Novemba 1954

Ndugu yangu Amoni,

Nisamehe kwa kunyamaza. Asubuhi ile niliondoka bila kuaga vizuri, na najua ni wewe uliyesimama mbele ya mwenye duka kunitetea. Mwambie sirudi. Nafasi yangu ampe mwingine.

Mika alinishusha hapa tarehe kumi na sita Septemba. Nilimkuta mama amekaza macho mlangoni. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Umekonda." La pili, "Nani amekukata nywele hivyo?" Ferista alikuwa nyuma yake kwenye mkeka, kama kwenye picha. Nikamwambia dada atoke akanyooshe mgongo, nikakaa mahali pake. Sikujua kama mama ni mwepesi hivyo. Nilimshika kiunoni, nikahisi anavyohema.

Alinigombeza siku ishirini na tatu. Kuhusu nywele, kuhusu paa linalovuja, kuhusu barua zangu zenye maneno makubwa. Jioni moja alisema, "Nieleze basi hiyo kazi ya masinia." Nikamweleza yote, joto la maji, harufu, jinsi vidole vinavyogeuka kahawia. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za mfalme. Akauliza, "Na ukiyaosha yanatakata?" Nikasema yanatakata. Akasema vizuri.

Wiki ya mwisho, asubuhi moja, aliniambia nimtoe nje. Nikamkumbusha kwamba jua linamwumiza macho. Akasema, "Jua halijawahi kuniumiza. Sikutaka kubebwa na watoto wa watu mbele ya majirani, nikiwa na mwanangu mwenyewe." Nikambeba hadi kwenye kihenge. Anastazia alikwenda kuchukua kamera. Alipiga moja tu. Filamu ilikuwa imefika mwisho.

Mama alifariki tarehe tisa Oktoba, alfajiri, amekaa, mimi nikiwa nyuma yake. Nilichelewa kujua. Nilidhani amepata usingizi.

Tumemzika karibu na baba. Mvua za kwanza zimenyesha wiki hii na tumeanza kulima.

Zile dawa na karatasi za kuchapia ulizonifungia nilipoondoka sikuzigusa hadi mwezi mzima ulipopita baada ya mazishi. Jumatano, mchana, tuliziba dirisha la chumba cha uani kwa mablanketi mawili, tukavisha taa ya mafuta kitambaa chekundu, nami nikaisafisha ile filamu yenye picha ya mama kwenye kihenge. Mke wangu hakuwahi kuona kazi hii. Tangu aanze kupiga, picha zake zote zimekuwa zikisafishwa na watu asiowajua. Ilipokauka nilimwonyesha jinsi ya kubana negativu na karatasi kati ya vioo viwili, kuimulika, kisha kuitia karatasi kwenye dawa. Nikamwambia, "Ikifika rangi unayoitaka, nambie, niitoe."

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu likatokea shavu, halafu jicho, halafu kitambaa cha kichwa, safari hii kimekaa sawa. Anastazia alinishika mkono. Mama alikuwa anatutazama kutoka majini, anakaribia kutabasamu. Nilisubiri aniambie niitoe, hakuniambia, nami nikashindwa kuutoa mkono wangu kwenye mkono wake. Uso ukaendelea kuiva, ukapita rangi yake, ukaanza kuwa mweusi, mpaka hatukumwona tena.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Alifuta macho kwa kiwiko, vidole vyake vikiwa na dawa, akafungua pakiti mwenyewe, tukachukua karatasi ya pili.

Ni mimi ndugu yako,
Watson Simwinga